Chakula Kilichochelewa kwa Bonaventura: Maelezo ya Pili ya Kaleb Hiza

POLISI, KITUO CHA KOROGWE, JIMBO LA TANGA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kaleb Hiza
Umri: Miaka 41
Kabila na dini: Msambaa, Mkristo
Kazi: Nyapara wa wakata mkonge
Makazi: Kambi ya shamba la Mgiriki, maili nne kutoka Korogwe. Kwao ni Dindira.
Tarehe na saa: Ijumaa, 12 Novemba 1954, saa 3.15 asubuhi
Mwandikaji: Sajini Matayo Chilongani

Mimi ndiye Kaleb Hiza niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni mwenyewe kwa miguu, sikuitwa. Sajini amenieleza kwamba maelezo yangu ya kwanza, niliyoyatoa Jumanne tarehe 9 jioni, yamo ndani ya jalada, na kwamba nikisema kinyume chake leo naweza kushtakiwa. Nimeelewa. Ninasema kinyume chake.

Katika maelezo ya kwanza nilisema kwamba Zamda binti Mhina, mpishi wa hoteli ya Bonaventura, alitoka jikoni kwa hasira akammwagia Athuman Semboja mchuzi wa moto makusudi. Huo ni uongo. Niliutunga mimi peke yangu, hapa hapa kwenye kiti hiki, na aliyeniandika wakati ule hana kosa. Mama huyo leo ana siku ya nne mahabusu kwa maneno yangu, na Jumatatu atapelekwa mbele ya Bwana Shauri kuhukumiwa. Naomba niseme ilivyokuwa tangu mwanzo, na Sajini asinikatize mpaka nifike mwisho. Nikikatizwa nitapata pa kujifichia, najijua.

Mnamo tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi, nilitoka kambini pamoja na Athuman Semboja. Athuman ni karani wetu wa kuandika majina ya vibarua, kijana wa miaka 24, Mzigua wa Sindeni, Mwislamu, mpole kuliko kazi yenyewe inavyotaka. Bwana wa shamba alitutuma Handeni kuandikisha watu wa kukata mkonge. Basi la Handeni huondoka Korogwe saa nane mchana. Athuman alikuwa na furaha, kwa sababu tungepita Sindeni naye angemwona mkewe, Mwaija, aliyemwoa mwezi wa Julai. Njiani nilimtania sana. Nilimwambia mwanaume mwenye ndoa ya miezi minne hafai kutumwa kazi, atasahau hata jina lake. Alicheka tu.

Tulifika mjini saa sita kasoro. Athuman alitaka tununue mihogo ya kuchoma pale stesheni, tule tumesimama. Mimi nikakataa. Nikamwambia nyapara hali mihogo barabarani kama mchukuzi, twende tukakae mezani kama watu. Hoteli niliichagua mimi. Andika hivyo, Sajini, kwa kuwa kila kitu cha siku ile kilichaguliwa na mimi.

Hoteli ya Bonaventura iko nyuma ya maduka, karibu na stesheni. Bonaventura ni mtu wa Songea aliyekuja zamani na manamba, akamaliza mkataba, akabaki. Hoteli yenyewe ni chumba kimoja chenye meza nne. Mwishoni mwa chumba kuna mlango usio na ubao, umefunikwa pazia la kitambaa cha maua, na nyuma yake ndipo jikoni. Tuliingia saa 6.10. Mle ndani walikuwamo madereva wawili wa malori na mzee mmoja muuza tumbaku. Mimi nilikaa upande wa kuiona barabara, nisije nikapitwa na basi. Athuman akabaki na kiti kinachoelekea jikoni.

Bonaventura mwenyewe alikuja akatuuliza tunakula nini. Nikasema wali na mchuzi wa mbuzi, sahani mbili. Akapiga kelele kuelekea kwenye pazia, "Wali mbili, mbuzi!" na sauti ya mwanamke ikajibu, "Haya." Akatuambia kijana wake wa kupeleka chakula mezani ana homa siku ya pili, kwa hiyo mpishi ndiye atakayetuletea. Saa 6.25 treni ya kwenda Moshi ilipiga honi. Bonaventura akabeba birika la chai na kikapu cha vitumbua, akatoka mbio kwenda kuwauzia abiria. Tukabaki sisi wateja watano na mpishi nyuma ya pazia.

Punde pazia lilisogezwa. Niliona mkono na ukingo wa sinia. Kisha mkono ukarudi ndani na pazia likaanguka. Nilidhani amesahau kijiko.

Tulikaa. Madereva nao walikuwa hawajaletewa chakula chao, wakaanza kugonga meza. Saa 6.40 niliita kwa mara ya kwanza. Sauti ikajibu kwa chini sana, "Subirini kidogo baba zangu, mwenye hoteli anarudi sasa hivi." Nikasema hatumsubiri mwenye hoteli, tunasubiri wali. Baadaye nilisikia kikohozi. Hakikuwa kikohozi cha mtu mwenye mafua. Kilikuwa kile cha makusudi, wanachokitoa wanawake wa kwetu wakitaka mwanaume fulani ajue kwamba wapo karibu ili apishe njia. Nimekisikia tangu utoto wangu Dindira, na Wazigua wanacho vilevile. Nilikisikia kwa masikio yangu haya, nikakiacha kipite.

Saa 7.05 niliita mara ya pili, na safari hii nilitukana. Sitaki kulirudia tusi hilo mbele ya Sajini. Basi, liandike. Nilisema, "Wewe mwanamke wa hotelini, umelala na nani huko ndani?" Madereva walicheka. Athuman hakucheka. Aliniambia, "Mzee Hiza, tuache tu, twende tukanunue mihogo." Yule mzee wa tumbaku naye alisema, "Bwana nyapara, huenda mama huyo ana jambo lake. Nenda ukachukue sahani mwenyewe, utuletee na sisi." Nilimwambia mimi sikuzaliwa kumpelekea mtu sahani.

Nimefanya unyapara miaka kumi na moja. Kazi ya nyapara ni kuwaharakisha watu. Kila alfajiri nagonga kipande cha reli pale kambini, na anayechelewa kutoka ananijua. Nimezoea kwamba mtu akikawia ana moja kati ya mambo mawili, uvivu au dharau. La tatu sijawahi kulitafuta.

Saa 7.20 nilisimama, nikaingia jikoni. Huyo mama alikuwa amechuchumaa nyuma ya ukuta, pembeni mwa mlango, amejifunika kanga kichwani. Sinia lilikuwa chini mbele yake. Lina sahani mbili za wali na bakuli kubwa la mchuzi, na kando yake chakula cha wale wengine, vyote vimepakuliwa na kufunikwa. Mchuzi wetu ulikuwa umerudishwa mekoni ukapashwa moto tena, maana ulikuwa unatoa mvuke. Nilipoona chakula kiko tayari na mtu amekaa tu, damu ilinipanda. Nikasema, "Chakula kimeiva nawe umekikalia?"

Akaniambia kwa sauti ya kunong'ona, "Baba, nakuomba, kichukue wewe. Mimi siwezi kutoka."

Nikamuuliza kama ni kiwete. Akasema, "Hapana, baba. Yule kijana uliyekuja naye..." Hapo nikamkatiza. Nikasema yule kijana ni karani, na mimi ni nyapara, na hakuna hata mmoja kati yetu ambaye ni mtumishi wake. Laiti ningemwacha amalize maneno yale, tusingekuwa hapa. Yalibaki maneno mawili tu.

Kutoka pale alipochuchumaa hadi kwenye meza yetu ni hatua tisa. Jana nilirudi nikazihesabu.

Nilimwinua kwa mkono. Nikamwekea sinia mikononi, nikalisogeza pazia, nikamwambia, "Tembea." Kisha akatoka kinyumenyume. Alitoka ameupa ukumbi mgongo, kanga imemfika mpaka machoni, anapapasa sakafu kwa kisigino kabla ya kukanyaga, sinia ameliinua kifuani. Madereva waliangua kicheko. Mmoja alisema mama huyu ana wazimu. Mimi nilifuata karibu naye, nikaona aibu, kwa sababu niliona watu wanafikiri anayechekwa ni mimi. Tulipofika mezani nilimshika bega la kulia nikamgeuza kwa nguvu, nikasema, "Mtazame mteja wako!"

Kanga ikamwanguka kichwani. Athuman alimwona usoni. Akasema, "Mkwe!" na papo hapo akaruka kutoka kwenye kiti ili akimbie, kama inavyompasa mtu. Mama naye alikuwa anajaribu kurudi nyuma, na mimi nilikuwa nimemshika, hana pa kwenda. Bega la Athuman likagonga sinia kutoka chini. Bakuli lote la mchuzi likammwagikia yeye kifuani na mkono wa kushoto. Hivyo ndivyo alivyoungua. Hakuna aliyemmwagia. Kama ni lazima pawe na mkono uliomwaga, ni huu wangu uliokuwa juu ya bega.

Nilielewa yote kwa mara moja. Nilielewa ule mkono uliorudi nyuma ya pazia, na kile kikohozi, na kwa nini alitaka nikichukue mimi. Sisi watu wa huku, Mzigua au Msambaa, mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani machoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Mwanaume hatii tonge mdomoni mbele ya mama mkwe wake, wala mama hamwekei chakula kwa mkono wake mwenyewe, na ndoa ikiwa bado changa mambo huwa makali zaidi. Mimi nilipooa nilikaa karibu mwaka mzima namjua mama wa mke wangu kwa nyayo zake tu zilizoonekana chini ya mlango. Hakuna aliyenifundisha jambo hili ukubwani, nimezaliwa nalo. Bonaventura ana udhuru, ni mtu wa mbali. Madereva wale nao walikuwa wa Dodoma. Mimi sina udhuru.

Athuman alianguka chini anaugulia. Hakupiga kelele, nadhani kwa kuwa yule mama alikuwapo. Mama aligeukia ukuta, akafunika uso kwa kitambaa cha kichwani. Kisha akafungua kanga ya juu, akairusha nyuma yake bila kutazama, ikaniangukia miguuni. Akasema, "Mfute, baba. Mfute, mimi siwezi kumgusa. Mfute upesi." Alisema hivyo mara tatu au nne. Mimi nilisimama. Aliyemfuta Athuman ni yule mzee wa tumbaku.

Bonaventura alirudi kutoka stesheni akakuta watu wamejaa mlangoni. Akapiga yowe, "Nani kamwaga?" Watu walikuwa wanamtazama yule mama aliyekaa ameupa ukuta uso, hasemi, hajamsogelea majeruhi. Mwanamke mmoja wa pale nje alisema, "Mwangalieni roho yake, kamchoma mtu wala hageuki." Nami nikanyoosha kidole. Sikusema neno, nilinyoosha kidole tu. Maneno nilikuja kuyasema hapa kituoni saa kumi na moja jioni, baada ya kumfikisha Athuman hospitali kwa mkokoteni.

Konstebo aliyemkamata aliandika kwamba mwanamke huyo alimpa majeruhi mgongo bila huruma. Jambo hilo nililisikia likisomwa hapa kituoni. Nilijua mgongo ule ulikuwa na maana gani. Nilikuwa mtu pekee chumbani ninayejua, nikakaa kimya, nikaulizwa kama nina la kuongeza, nikasema sina.

Sajini ananiuliza kwa nini nilisema uongo. Ninajibu kwamba niliogopa. Bwana wa shamba hapendi nyapara mwenye kesi, na mwaka jana alimfukuza mmoja kwa ugomvi wa kilabuni. Pia nilijidanganya kwamba huyu ni mwanamke wa hotelini tu, atakemewa, atalala siku moja, ataachiwa. Nilifikiri hivyo kweli. Sikudhani atapelekwa kwa Bwana Shauri kwa kosa la kujeruhi. Lakini nilipoambiwa Jumatano kwamba atapelekwa, bado sikuja.

Sajini ananiuliza kwa nini mama huyo mwenyewe hakusema, ingawa ameulizwa mara tatu. Ninajibu kama ninavyofahamu, na mengine nimeyasikia jana kwa Bonaventura. Mama Zamda ni mjane. Kwao Sindeni aliaga kwamba anakuja Korogwe kukaa kwa kaka yake atibiwe mguu. Hakumwambia mtu kwamba amepata kazi ya kupika hotelini, maana watu wa kwetu wanasema ovyo juu ya mwanamke anayepika hotelini. Mimi mwenyewe nimesema ovyo, nimekwisha kulitaja tusi langu. Aliona aibu watu wa ukweni kwa binti yake wasije wakasikia. Na kusimama mbele ya askari na kusema, "Yule ni mkwe wangu, nilikuwa namwogopa," na kueleza jinsi alivyoonekana bila kanga kichwani mbele yake, hilo asingeweza hata mngemfunga mwaka. Athuman naye hawezi. Hawezi kukaa akieleza habari za mwili wa mama mkwe wake mbele ya watu, hata kwa kumtetea. Kati ya sisi watatu tuliojua, ni mmoja tu aliyekuwa na mdomo, na mdomo huo ulikuwa unasema uongo.

Jana, Alhamisi tarehe 11, saa kumi jioni, nilikwenda hospitali kumtazama Athuman. Amefungwa bendeji kuanzia shingoni mpaka tumboni na mkono wote. Nilimkuta mkewe, Mwaija, amefika kutoka Sindeni siku iliyotangulia. Ni msichana mdogo tu, hata miaka ishirini sidhani kama amefika. Alikuwa na vyombo viwili vya uji vimefungwa kwa kitambaa. Kimoja alikuwa anamnywesha mumewe kwa kijiko. Kingine kilikuwa cha kuleta hapa mahabusu.

Aliponiona alipiga magoti. Akasema, "Shikamoo baba. Mume wangu ameniambia wewe ndiye uliyemfikisha hospitali. Mungu akuzidishie." Nilisema marahaba. Sijui nililitoa wapi neno hilo. Nilitaka sakafu inimeze.

Kisha akaniuliza, "Baba, wewe ulikuwapo. Mama yangu kakosa nini? Nikimuuliza anafunika uso. Huyu nikimuuliza anageukia ukutani. Mimi nakwenda huku na uji, nakwenda kule na uji, na sijui ninyi watu wazima mnanificha nini."

Athuman alikuwa ametazama dari. Akasema neno moja, "Mwambie."

Sikumwambia. Nilisema nimeacha kazi kambini, nikatoka. Huo nao ulikuwa uongo, kazi ilikuwa imekwisha. Nilipotoka nilisimama nje ya dirisha nikamsikia Mwaija anamwambia mumewe kwamba yule mzee ana uso wa huruma.

Kutoka pale nilikwenda kwa Bonaventura, nikazihesabu zile hatua, kama nilivyosema. Bonaventura alifikiri nimekuja kudai kitu. Alinipa pole. Kila mtu mji huu ananipa pole.

Leo alfajiri sikuigonga reli, nilimwachia mwenzangu. Nilimweleza mke wangu, Stefania, jambo lote. Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Ungelibeba hilo sinia, ungepungukiwa nini?" Nikavaa viatu nikaja.

Sajini ananiuliza kama kuna mtu aliyenishawishi, kunitisha au kunipa chochote ili nibadili maneno. Hakuna. Athuman hakuniomba zaidi ya lile neno moja. Mkewe mpaka sasa hajui. Naomba aambiwe na mimi mwenyewe kama nitaruhusiwa, na kama sitaruhusiwa, aambiwe na mtu atakayesema wazi kwamba ni mimi.

Sajini ananiuliza kama nilikusudia kumwunguza Athuman. Sikukusudia. Ninampenda kijana yule. Nilikusudia kumwaibisha yule mama mbele ya watu, basi, na hilo nilifanikiwa. Mwenzenu nilitaka achekwe yeye badala yangu.

Ninajua sasa kwamba naweza kupoteza kazi na naweza kufungwa. Sisemi kwamba siogopi. Naogopa. Ila siwezi tena kuitikia shukrani za binti yule.

Yaliyoandikwa hapa ndiyo maelezo yangu, na ninaomba yashike mahali pa yale ya Jumanne. Nimesomewa kwa Kiswahili ninachokielewa. Nilitaka maneno "nilimgeuza kwa nguvu" yabaki kama yalivyo baada ya Sajini kuniuliza kama nina hakika. Yamebaki. Nimetia sahihi kwa mkono wangu, bila kulazimishwa.

(Sahihi) Kaleb Hiza

MAELEZO YA OFISA MWANDIKAJI

Nimeyaandika maelezo haya mwenyewe, nikamsomea shahidi, akakubali. Yalimalizika saa 4.50 asubuhi. Saa 5.00 nilimtuma konstebo hospitali. Daktari aliruhusu majeruhi Athuman Semboja aletwe kwa mkokoteni. Alifika saa 5.30, akasema maelezo ya Kaleb Hiza ni ya kweli kuhusu mchuzi. Kuhusu mama huyo aliomba asiulizwe, nami sikumuuliza. Nilimwarifu mkuu wa kituo, naye akaamuru Zamda binti Mhina aachiliwe. Kaleb Hiza amefunguliwa shauri la kutoa taarifa za uongo kwa polisi na shauri la shambulio. Mashauri yote mawili ameyakubali.

Mlango wa mahabusu ulifunguliwa saa 5.45. Mama huyo hakutoka. Mimi si mtu wa wilaya hii, nikadhani hajaelewa, nikataka kuingia nimtoe. Kaleb Hiza alisema, "Sajini, tafadhali. Mkwewe amekaa kwenye benchi hapo barazani, na njia ya kutokea ni hiyo moja." Majeruhi hakuweza kusimama wala kubebwa kwa sababu ya vidonda, mpaka mkokoteni urudi kutoka sokoni ulikokwenda. Tulisubiri sote. Mkokoteni ulirudi saa saba kasoro dakika tano na majeruhi akaondolewa.

Ndipo mama huyo alipotoka. Kaleb Hiza alikuwa amesimama ukutani akingoja kuingizwa ndani. Alimwamkia, "Shikamoo, mama." Mama huyo alimtazama usoni kwa muda, akajitanda kanga yake, akaenda zake. Hakuitikia.

Kaleb Hiza aliingizwa mahabusu saa saba na dakika mbili.

(Sahihi) Sajini Matayo Chilongani
Korogwe, 12 Novemba 1954